Picha za Barabarani na Ushahidi wa Historia: Mfano wa Buterere

Mnamo mwaka 1930 hivi, mpiga picha wa Kihungari, Martin Munkácsi, alipiga picha ya vijana watatu wa Kiafrika wakikimbilia majini, migongo yao ikiwa imetuelekea. Picha hiyo ilimgusa sana Mfaransa Henri Cartier-Bresson, ambaye baadaye alipata kuwa bingwa mashuhuri wa picha za barabarani. Kwa miaka mingi picha hiyo imechapishwa kwa jina la Ziwa Tanganyika, yaani ziwa lile lile linalopakana na mji wa Bujumbura. Hata hivyo, machapisho mengine huiweka picha hiyo hiyo Liberia, nchi ya Afrika Magharibi iliyo kando ya bahari, ambayo Munkácsi aliizuru kwa kazi ya gazeti. Ukiitazama picha yenyewe huoni ila miili, mchanga na povu la maji. Kwamba maji yale ni ya ziwa au ya bahari, picha haisemi. Jina limetiwa na wanadamu.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mwalimu wa Kiswahili awezavyo kuwafundisha wanafunzi wake kuzisoma picha za maisha ya kila siku mjini kama hati za historia. Mfano wetu mkuu ni Buterere, mtaa ulio kaskazini mwa Bujumbura. Hoja yetu ni kwamba picha ya barabarani ina upungufu wa namna tatu, na kwamba upungufu huo waelezeka vyema kwa sarufi yetu wenyewe. Picha haina jina la mahali, haina ukanushi, wala haina hali ya mazoea, ile iletwayo na kiambishi hu-. Mambo hayo matatu huongezwa na mtazamaji, na mara nyingi huyaongeza pasipo kujua.

Tuanze na jina, na pamoja nalo tarehe. Mwanafunzi apewapo picha ya barabara ya Bujumbura isiyo na maelezo, hana budi kutafuta alama zilizomo ndani yake. Soko kuu la mji liliteketea kwa moto tarehe 27 Januari 1993 au 2013? Akiyajua matukio ya mji kwa miaka yake, atajibu kuwa ni 2013. Basi picha ionyeshayo soko hilo likiwa zima na lenye wachuuzi ndani yake imetangulia tarehe hiyo. Mwezi wa Machi 2022 serikali ilizipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji za abiria katikati ya mji. Kwa hiyo baiskeli nyingi za abiria zikionekana katikati ya mji, yaelekea picha ni ya kabla ya hapo. Uwanja wa ndege unaopakana na Buterere ulipewa jina la Melchior Ndadaye mwaka 2019, kwa kumkumbuka rais aliyechaguliwa na kuuawa mwaka 1993. Kibao chenye jina hilo hakiwezi kuwa cha zamani zaidi. Alama kama hizi ni ndogo, lakini zina nguvu kuliko maelezo yaliyobandikwa na mtu ambaye hakuwapo.

Jambo la pili ni ukanushi. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara iitwayo Boulevard du Temple mjini Paris, na hiyo ni miongoni mwa picha za kwanza kabisa za barabara ya mji. Barabara ile ilikuwa na pilikapilika nyingi, lakini katika picha yaonekana kana kwamba imehamwa. Sababu ni kwamba kamera za wakati huo zilihitaji dakika kadhaa ili kunasa sura ya kitu. Waliopita kwa miguu na magari ya farasi hawakuacha alama. Aliyeonekana wazi ni mtu mmoja aliyesimama akisafishiwa viatu. Mtazamaji akisema, "Barabarani hapakuwa na watu," amesema uongo, ijapokuwa macho yake hayakumdanganya. Picha imesema tu nani aliyesimama.

Fundisho hilo latufaa tunapotazama picha za Usumbura ya kikoloni. Wajerumani waliweka kituo chao cha kijeshi hapo mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji wakakitwaa mwaka 1916. Chini ya utawala wa Kibelgiji Waafrika walitengewa mitaa yao, kama vile Buyenzi na ule uliokuwa ukiitwa Belge, ambao leo ni Bwiza. Kiswahili, kilichokwisha kuvuka ziwa pamoja na wafanyabiashara na askari, kilipata makao humo, hasa Buyenzi. Atazamaye kadi ya posta yenye barabara pana, miti iliyopandwa kwa mstari na nyumba za Wazungu, hana haki ya kusema kwamba mjini hapakuwa na Waswahili. Mpiga picha hakuelekeza kamera upande wao.

Ukanushi una hatari kubwa zaidi katika miaka ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993. Mwaka 1995 mapigano na mauaji yaliwafanya watu wengi wakimbie kutoka Kamenge na Kinama, mitaa ya kaskazini kama Buterere, na vilevile kutoka Bwiza na Buyenzi. Picha ya njia tupu ya mwaka huo haiwezi peke yake kutuambia kama watu wamekimbia, wamejifungia ndani, ama wamekwenda kazini. Ili tujue, yatupasa kuwauliza waliokuwapo.

Sasa tufike kwenye hali ya mazoea, ambayo ndiyo inayoidhuru Buterere zaidi. Mtaa huu uko katika uwanda wa Imbo, nchi tambarare iliyo chini ya milima, mahali ambapo maji ya mvua kutoka sehemu za juu za mji hupitia yakielekea ziwani. Huko ndiko taka za mji zilikopelekwa kwa miaka mingi, na huko ndiko yaliko mabwawa ya kusafishia maji machafu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 1914 kusingekuwa na habari ya kuandika kuhusu mtaa huu. Lakini usiku wa tarehe hiyo hiyo mwaka 2014 mvua kubwa ilileta mafuriko katika mitaa ya kaskazini, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Haishangazi, basi, kwamba mgeni aijuaye Buterere kwa picha huijua kwa mambo mawili: dampo na maji.

Tuchukue picha ya namna ijulikanayo sana: mwanamke ameinama juu ya lundo la taka, ana gunia mkononi. Sentensi iliyo halali ni hii: "Mwanamke anaokota kitu." Hiyo ni hali ya -na-, na picha yaithibitisha. Sentensi "Mwanamke ameinama" pia ni halali, kwa kuwa hali ya -me- yaonekana katika mwili wake. Lakini maelezo ya chini ya picha mara nyingi husema: "Watu wa Buterere huokota taka." Hapo mambo mawili yamebadilika kwa pamoja. Mtu mmoja amekuwa watu wote wa mtaa, na nukta moja ya wakati imekuwa desturi. Mwanamke huyo aweza kuwa ametoka mtaa mwingine. Aweza kuwa mfanyabiashara wa plastiki au vyuma chakavu, mwenye wateja na bei zake. Na majirani zake waliotoka alfajiri kwenda sokoni, shuleni, mashambani au kwenye ujenzi hawamo katika picha, kama wale wapita njia wa Paris.

Hatusemi kwamba kiambishi hu- kimekatazwa. Mwanahistoria anakihitaji, kwa sababu bila mazoea hakuna historia ya maisha ya kila siku. Tunasema kwamba hakipatikani kwa picha moja. Mtu akitaka kuandika "Buterere hufurika," na alete picha za masika mbalimbali zenye tarehe, habari za magazeti, na kauli za wakazi. Vikikubaliana, hu- itakuwa imepata ushahidi wake.

Kwa zoezi la darasani, mwalimu aweza kuchora safu tatu ubaoni. Katika ya kwanza wanafunzi waandike yale tu yanayoonekana, kwa -na- na -me-. Katika ya pili waandike wanayoyadhani, kwa maneno kama "huenda", "yaelekea" na "yamkini", wakitaja alama iliyowafanya wadhani hivyo. Katika ya tatu waandike maswali ambayo ni mkazi wa mahali hapo tu awezaye kuyajibu: njia hii yaitwaje, nani hupita hapa asubuhi, mpiga picha alisimama wapi, na je, aliomba ruhusa? Safu ya tatu ikiwa ndefu kuliko ya kwanza, somo limefaulu.

Wakazi wa Buterere ni wasemaji wa Kirundi, na wengi wao hutumia Kiswahili katika biashara na ujirani. Wana maneno yao ya kuiita kazi yao, njia zao na misimu yao. Picha zao zinasambaa duniani zikiwa na maelezo yaliyoandikwa na wengine, kwa lugha za wengine. Mwalimu anayewazoeza wanafunzi kupima kila kiambishi kabla ya kukiandika chini ya sura ya mtu anafundisha sarufi, na papo hapo anamlinda mtu huyo asishuhudiwe uongo.