Katabi, mwindaji aliyegeuka mzimu wa nchi

Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Rukwa, makao makuu yakawekwa Mpanda, na jina likachukuliwa kutoka kwa marehemu anayetolewa sadaka. Katabi, katika simulizi za Wabende na majirani zao, alikuwa mwindaji hodari. Alipokufa roho yake ilihamia kwenye mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi, na tangu hapo wenye shida na wenye safari wamefika chini ya mti huo kuomba baraka. Mkewe, Wamweru, hutajwa pamoja naye.

Likija suala la binadamu kuabudiwa, vitabu vya shule hutupeleka Misri na Roma. Ni haki yao. Ramses wa Pili alijichongea sanamu ndani ya mwamba wa Abu Simbel, ameketi bega kwa bega na miungu. Julius Caesar aliuawa mwaka 44 KK; miaka miwili baadaye Seneti ikamtangaza kuwa mungu, na Octavian, mtoto wake wa kulea, akapata cheo cha mwana wa mungu na kukipiga chapa kwenye sarafu. Uungu huo ulishuka kutoka ikulu pamoja na mahekalu na makuhani wake. Huku kwetu ulipanda kutoka kwa wanakijiji, na mtu aliupata baada ya kuzikwa.

Kwa majirani wa Wabende, mwene (mtawala) wa Wapimbwe au mtemi wa Wakonongo alikuwa binadamu na watu walimjua hivyo. Angeweza kugombana na ndugu zake na hata kunyang'anywa kiti. Alichokuwa nacho kuliko wengine ni wafu wake. Mvua ikigoma, yeye ndiye aliyepaswa kuwaendea watangulizi wake kwa tambiko, kwa sababu wao ndio walioishika ardhi. Wanyamwezi, jamaa wa karibu wa Wakonongo, waliufungamanisha mwili wa mtemi na afya ya nchi kiasi kwamba, kwa mujibu wa simulizi zao, mtemi aliyezidiwa na ugonjwa hakuachwa afe kifo cha kawaida.

Simulizi inayoniganda zaidi inatoka Ufipa, kusini mwa Katavi. Mtawala wa kwanza, Ntatakwa, alianguka kutoka mbinguni dunia ilipoanza, akakaa Milansi, chini ya mlima Itwelele. Siku moja, yeye akiwa mawindoni, wakatokea wanawake wageni na kukikalia kiti chake. Aliporudi, utawala ulikuwa umekwenda. Ukoo wa hao wageni, Watwaki, ndio uliotawala Ufipa tangu hapo. Lakini Milansi haikufutwa. Mkuu wake alibaki na heshima ya mwenye nchi wa asili, na mambo ya ibada yakabaki yanamhusu. Naiona hapo busara kubwa ya kisiasa: mshindi alichukua jeshi na ushuru, akamwachia aliyeshindwa mizimu, kwa kuwa mizimu haihami na mwenye nguvu.

Ipo pia njia nyingine ya wafu kuabudiwa, iliyotoka kaskazini. Watawala wa Kichwezi wa Kitara, katika Uganda ya leo, walipotoweka waligeuka pepo wa kuombwa, akiwemo Wamara, wa mwisho wao. Ibada za jamii hiyo zilisambaa kusini hadi Unyamwezi, zikaundiwa chama cha Waswezi chenye ngoma na unyago wake. Mfalme wa nchi ya mbali akaja kumpanda kichwani mkulima asiyewahi kuiona Kitara.

Kilichoitikisa zaidi ibada ya mizimu Katavi ni kuhamishwa kwa watu, ingawa mahubiri na siasa vilitangulia. Wamisionari wa White Fathers walipewa ngome ya Karema mwaka 1885, wakahubiri Mungu anayesikia popote. Mzimu haukuwa hivyo; ulikaa kwenye mti fulani, kwenye kisima fulani, na ulitaka mtu wa kuutunza. Mwaka 1963 serikali ilifuta utawala wa machifu. Mwaka 1974 Katavi ikawa hifadhi ya taifa, na katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ikawakusanya watu katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1998 hifadhi ilipanuliwa, sasa ina takribani kilomita za mraba 4,471. Makaburi na miti ya matambiko vikabaki ng'ambo ya mpaka wa hifadhi.

Hata hivyo sadaka hazijakoma kuwekwa chini ya mkwaju. Watalii wanakuja Katavi kuona viboko waliosongamana kwenye mabwawa ya kiangazi na makundi ya nyati. Natamani anayewaongoza awafikishe kwanza kwenye mti, awaeleze Katabi na Wamweru ni akina nani, kisha ndipo wapelekwe kwa viboko. Na wazee wa Mpimbwe na Ubende wanaozijua simulizi hizi waketishwe na vijana wao wenye simu, warekodiwe kwa Kipimbwe na Kibende, mwaka huu.