Hadithi, Picha na Mtoto Aliyefiwa: Mfano wa Loitokitok

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi hadithi ilivyomsaidia mtoto mdogo kuvumilia utengano na msiba, tangu zama za masimulizi hadi zama za vitabu vya picha. Mfano wetu ni Loitokitok, katika Kajiado ya Kenya, chini ya Mlima Kilimanjaro. Hapa utengano ni jambo la zamani: mpaka waliopatana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 uliwagawa Wamaasai, na hata leo jamaa wa ukoo mmoja huishi katika nchi mbili.

Tuanze na masimulizi. Mwaka 1905 A. C. Hollis alichapisha kitabu juu ya lugha na ngano za Wamaasai. Humo imo ngano ya Le-eyo, aliyefundishwa maneno ya kusema mtoto akifa, ili mtu afe na kurudi, na mwezi ufe usirudi. Mtoto wa kwanza kufa hakuwa wake, basi akayapindua maneno. Alipofiwa na mwanawe mwenyewe akayasema sawasawa, lakini alikuwa amechelewa. Ngano hii haimfichi mtoto kitu: mauti hayana marejeo, ingawa kila mfiwa hutamani yawe nayo. Mwaka 1948 Maria Nagy, aliyechunguza watoto wa Budapest, alieleza kwamba walio chini ya miaka mitano aghalabu hudhani kifo ni safari au usingizi. Swali la watoto hao ndilo linalojibiwa na ngano ya Le-eyo.

Ikaja shule. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifungua shule za bweni kwa ajili ya Wamaasai huko Narok na Kajiado, kwa kuwa wafugaji huhama wakifuata maji na malisho. Sababu hiyo ilieleweka, lakini mtoto alitengwa na nyanya yake, naye ndiye aliyekuwa msimulizi. Kitabu alichopewa bwenini kilikuwa cha kumfundisha herufi. Hakikumweleza kwa nini mama hayupo.

Ukimwi ndio uliolazimisha kitabu cha aina nyingine. Nchini Uganda chama cha NACWOLA, kilichoanzishwa mwaka 1992 na wanawake wenye virusi vya ugonjwa huo, kiliwafundisha akina mama kuwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, vyenye picha na habari za ukoo. Baadaye mradi wa African Storybook ulieneza hadithi za picha katika lugha nyingi za Afrika. Mojawapo ni Simbegwire, iliyotungwa na Rukia Nantale wa Uganda na kuchorwa na Benjamin Mitchley, nayo inapatikana kwa Kiswahili. Inaanza na kifo cha mama. Binti akimbiapo nyumbani, huchukua blanketi la mama yake.

Wako wanaoshikilia kwamba mtoto mdogo asitajiwe kifo. Hoja hii isipuuzwe, maana kwa desturi ya Wamaasai jina la marehemu halitamkwi ovyo. Lakini kutotamka jina si sawa na kumwacha mtoto peke yake na swali lake. Hapo ndipo picha inapofaa: haitaji jina, wala haimdai mtoto maneno asiyokuwa nayo. Mtoto hulionyesha lile blanketi kwa kidole, na mkubwa aliye karibu huelewa.

Hatuna budi kuongeza kwamba kitabu hakiwezi kushika nafasi ya msimulizi. Mtoto wa Loitokitok hulia kwa Kimaasai kabla ya kujua Kiswahili, na ukurasa haujui kama yeye analia. Kwa hiyo inafaa walimu, wachoraji na wazee washirikiane kutoa vitabu hivi kwa lugha zote mbili, navyo visiishie kabatini shuleni. Vifike nyumbani, ambako nyanya asiyejua kusoma ataweza kuzitazama picha pamoja na mjukuu wake, na kusimulia.