Barafu ya Mpemba

Ukipita Kaloleni, Arusha, karibu na Mnara wa Azimio, utaona Makumbusho ya Azimio la Arusha. Wengi wetu tuliikariri tarehe ile shuleni: Februari 5, 1967. Tulikariri pia kwamba mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, andiko lililotaka shule imjengee kijana akili ya kudadisi. Tulikariri hata hilo la kudadisi.

Miaka minne kabla ya Azimio, kijana mmoja alikuwa ameshadadisi, na alichekwa. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friza. Siku hiyo nafasi zilikuwa zinakwisha. Mpemba akaogopa kukosa, akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa kabisa, bado yalikuwa uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wa fizikia, akajibiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipouliza tena na kung'ang'ania akiwa Mkwawa, Iringa, alikokwenda kwa masomo ya juu ya sekondari, mwalimu wa huko alimwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya ulimwengu. Darasa likapata utani wa kudumu.

Hukohuko Mkwawa alikuja mgeni, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Dar es Salaam. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi kilekile, friza ileile, kwa nini ya moto hutangulia kuganda? Wenzake wakacheka tena. Osborne hakuwa na jibu, ila aliahidi kujaribu. Fundi wa maabara alimletea habari kwamba ya moto ndiyo yaliyotangulia, akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi!

Mwaka 1969 makala yao wawili ilichapishwa katika jarida la Physics Education. Aristotle alishalitaja jambo hilo karne nyingi kabla, lakini leo dunia inaliita kwa jina la Mpemba. Wanasayansi bado wanabishana: utafiti wa mwaka 2016 ulitilia shaka kama jambo lenyewe lipo kweli.

Ubishi huo haumpunguzii kitu. Hakudai kujua sababu. Aliona, akauliza, akarudia jaribio, akauliza tena. Ndicho hasa kinachoitwa siku hizi kujifunza kwa kutatua tatizo, na tangu 2005 mtaala wetu wa sekondari umehubiri umahiri badala ya kukariri. Lakini mtaala haukai darasani. Anayekaa ni mwalimu mwenye wanafunzi wengi, silabasi ndefu na mtihani wa taifa mbele yake. Mkono ukinyooshwa nyuma ya darasa, ni yeye anayeamua kama atasema "keti" au "tujaribu". Mpemba alisubiri miaka kuisikia hiyo ya pili, na aliisikia kutoka kwa mgeni.