Mguu wa Kushoto Hausahau: Historia ya Kuhama Nduthi, Ruiru Hadi Thika

Kila wiki kuna mtu ananiuliza swali lile lile: kati ya Boxer, TVS, Honda na hizi mpya za stima, gani ndio kali? Na kila wiki nikijibu, nusu ya watu wananitusi. Sawa tu. Leo sijibu hilo. Nataka tuongee kuhusu kitu ambacho kila msee wa steji anakijua na sijaona mtu akikiandika: kile kinachotokea kwa mwili wa dereva akitoka kwa nduthi ya brandi moja kwenda ya brandi nyingine.

Juu ukiangalia vizuri, hiyo ndio historia ya boda boda yenyewe. Nduthi zimekuja Kenya kwa mawimbi. Kila wimbi lilifundisha mikono na miguu ya watu kivyake, na wimbi jipya likifika hakuna aliyepewa hata nusu siku ya kujifunza upya. Ulipewa ufunguo, ukaambiwa twende kazi.

Mwanzoni hakukuwa na shida. Boda boda zilianzia Busia, mpaka wa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, na zilikuwa baiskeli. Watu walibebwa kuvuka ile sehemu ya katikati ya vizuizi viwili, kutoka mpaka hadi mpaka, border to border, jina likakwama. Baiskeli ni baiskeli. Ukitoka Raleigh ukapanda Black Mamba, breki ziko mkononi, pedali ziko chini, maisha yanaendelea.

Pikipiki nazo zilikuwepo, lakini zilikuwa za wakubwa. Chifu, afisa wa kilimo, watu wa mashirika. Hapa nazungumzia Yamaha za zamani, DT na AG, zile injini za mipigo miwili zenye sauti kama nyuki aliyekasirika na moshi wa buluu. AG100 iliundwa kwa ajili ya kazi ya shamba kabisa, ndio maana iliweza kupita pale Land Rover inakwama.

Kuna guka mmoja upande wa Gatuanyaga, nje kidogo ya Thika, aliyeendesha moja ya hizo miaka mingi akizunguka kahawa za watu. Nilimwuliza ilikuwaje alipohamia nduthi za kisasa. Akaniambia, "Kijana yangu, ile ya kwanza ukiachilia resi, inateleza tu. Hii ya pili ukiachilia, inakushika shati." Nilicheka, lakini guka alikuwa anaongea sayansi. Injini ya mipigo miwili haikuvuti nyuma sana ukiachilia mafuta. Ya mipigo minne inakuvuta, na dereva anazoea kuitumia kama breki ya tatu. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Halafu ikaja 2007 na 2008. Serikali ikaondoa ushuru wa thamani kwa pikipiki za chini ya 250cc, ikisema vijana wapate kazi. Manze, mlango ulifunguka. Mwaka 2005 pikipiki mpya zilizosajiliwa Kenya nzima hazikufika 5,000. Kufika 2010 zilikuwa zimepita 100,000 kwa huo mwaka mmoja. Fikiria hiyo hesabu: ni maelfu ya watu ambao juzi walikuwa wanachuna kahawa, wanapasua mawe kwa kwari za Juja, au wamemaliza fomu foo wanakaa nyumbani, na leo wako na injini katikati ya magoti. Wengi walifundishwa na rafiki, jioni moja, kwa uwanja wa shule.

Na walifundishwa kwa nduthi za China. Skygo, Tiger, Captain, Shineray. Watu huzicheka sai, lakini nyingi za hizo zilibeba injini yenye ukoo wa heshima: ni nakala za Honda CG125, ambayo Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakilenga nchi kama zetu, baada ya kuona kwamba wateja wao wa huku hawabadilishi oili na hawapeleki pikipiki sevisi. Wakatoa ile cheni ya ndani ya injini inayotaka kukazwa kila saa, wakaweka vijiti vya kusukuma valvu. Fundi wa Makongeni anaweza kuifungua kwa spana tatu na kuifunga kabla chai haijapoa. Kwa hivyo kizazi cha kwanza cha madereva wa Ruiru na Thika kilijifunza na kitu cha rimu ndefu za inchi 18, injini inayotetemeka, na breki za dramu ambazo unaanza kuzikanyaga ukiwa bado unafikiria kusimama.

Sasa tufike kwa gia, juu hapa ndio damu iko.

Mguu wa kushoto ndio hubadilisha gia. Kuna nduthi ambazo gia zote zinaingia kwa kukanyaga mbele: nyutro, moja, mbili, tatu, nne, zote chini. Kuna zingine ambazo gia ya kwanza iko chini halafu zilizobaki zote ziko juu. Nyingi za nduthi za kazi zina pedali ya gia yenye pande mbili, ya vidole mbele na ya kisigino nyuma, ili usiharibu kiatu. Sasa ona shida. Kwa nduthi ya aina ya kwanza, vidole vinapandisha gia na kisigino kinashusha. Kwa aina ya pili ni kinyume kabisa: kisigino kinapandisha, vidole vinashusha. Pedali ni ile ile kwa macho. Hakuna mshale. Na si ati ukijua brandi umejua mpangilio, juu hata kampuni moja inaweza kuweka huu kwa modeli hii na ule kwa modeli nyingine.

Kwa hivyo chukua msee amekanyaga mbele miaka minne akimaanisha "ongeza". Mpe nduthi ya mpangilio ule mwingine, mpakie abiria wawili, mpeleke mteremko wa kuelekea mtoni. Injini inalia, mguu wake unafanya kile umefanya mara elfu kumi: unakanyaga mbele. Badala ya gia ya nne, amerudi ya pili. Tairi ya nyuma inashikwa ghafla na injini, inateleza, na kama kuna changarawe basi wote watatu wako chini. Ukimwuliza baadaye atakuambia "nduthi ilinikataa". Haikumkataa. Ilimtii, lakini kwa lugha ambayo hakufundishwa.

Nikiwa shule ya msingi ndio Boxer zilikuwa zinateka steji. Bajaj wa Pune, India, walikuwa wamefanya kazi na Kawasaki tangu miaka ya 1980, kwa hivyo hawakuja huku kubahatisha. BM100, halafu BM150, na mtaa ukabadilika sauti. Rimu za inchi 17, kwa hivyo inakaa chini kidogo, na msee mfupi akiwa na mama, mtoto na gunia la viazi anaweza kusimama miguu yote ikigusa lami. Nyuma iko na springi ndani ya springi: ikiwa tupu ile laini ndio inafanya kazi, ukipakia ile ngumu inaingia. Watu wa Skygo waliohamia Boxer walinung'unika mwanzoni kwamba haipiti mashimo kama rimu kubwa, na ni kweli, tairi ndogo huingia kwa shimo zaidi. Lakini wakizoea ile nyuma, kurudi inakuwa ngumu. Msee aliyezoea Boxer akipanda nduthi ya springi moja na mzigo, anafikiri kitu kimevunjika.

TVS wakaja na HLX 2013. Hawa nao wana shule yao: walikuwa na Suzuki hadi 2001 halafu wakajitegemea kabisa. Honda wakaanza kuunganisha nduthi Nairobi mwaka huo huo wa 2013. Hapo ndio ubishi wa steji ulianza rasmi, na mimi sitauingilia, wenyewe wanajua kupigana. Nitasema tu kile nimesikia kwa watu waliobadilisha zaidi ya mara moja: wiki ya kwanza, usifikirie spidi, fikiria klachi. Kuna ile inashika ukiachilia kidogo tu, na kuna ile inashika mwisho. Kwa matope meusi ya Kiganjo au ndani ya Juja Farm mvua ikinyesha, tofauti ya hiyo sentimita mbili ndio inaamua kama utatoka polepole ama utachimba shimo na tairi ya nyuma abiria akikuangalia.

Katikati ya haya yote barabara nayo ikabadilika. Thika Road mpya, karibu kilomita 50, ilianza kujengwa 2009 na Kibaki akaifungua Novemba 2012. Kabla ya hapo nduthi ilikuwa kitu cha ndani, murram, gia ya pili na ya tatu. Baadaye msee wa Kimbo akajikuta kwa lami pana pamoja na matatu za Thika na malori, anatafuta gia ya tano kwa nduthi yenye nne. Ama amehamia yenye tano na hakumbuki kuitumia, injini inalia hadi Toll. Hizi nduthi ziliundwa kuvuta mzigo polepole. Sisi ndio tulizipeleka barabara ya mbio.

Na hapa nisema kitu ambacho wengine hawatapenda. Tunaongea kama dereva ndiye anachagua. Mara nyingi hachagui. Mwaka 2008 alichagua Waziri wa Fedha. Baadaye alichagua mwenye duka la spea, juu utanunua nduthi ambayo klachi pleti zake zinapatikana karibu. Sai anachagua mwenye mkopo. Kampuni inakuambia tuko na hizi, deposit ni hii, lipa kila siku. Unasaini. Miaka minane ya mwili wako kuzoea kitu kimoja haina mahali pa kujazwa kwa ile fomu.

Binamu yangu alitoka Boxer akaingia nduthi ya stima. Sitataja gani. Unajua hizi zimekuja kwa kasi: Roam wanaunda Nairobi, Ampersand walitoka Rwanda, na Septemba 2023 Rais alikuwa Mombasa akizindua mpango wa nduthi za stima na Spiro. Kwa hesabu ya mafuta zina maana kabisa, sina ubishi. Unabadilisha betri, unaenda.

Lakini hakuna gia wala klachi. Mguu wa kushoto, ule uliosomea hii kazi yote, sasa hauna ajira. Nguvu inakuja yote mara moja, haingoji injini ipande. Sauti hakuna, kwa hivyo mtoto anayevuka barabara hakusikii, na wewe mwenyewe husikii spidi yako, na tunasahau kwamba dereva wa boda husoma spidi kwa masikio, mita iliharibika kitambo. Na kuna hizo ambazo pale mkono wa kushoto, mahali klachi imekaa maisha yako yote, wameweka breki.

Siku ya tatu, asubuhi, karibu na Ruiru Bypass, matatu ikamkatia. Mkono wake wa kushoto ukafanya kile umefanya miaka minane: ukashika klachi yote, kwa nguvu. Ilikuwa breki. Nyuma ikazunguka. Abiria alikuwa dada wa saluni, alichunika goti, akaamka akiwa mkali. Binamu alivunjika kifundo cha mkono. Wiki sita hakufanya kazi, na malipo ya kila siku hayakuumwa hata siku moja. Mamake, yaani tata wangu, aliuza mbuzi wawili.

Nilimpigia guka wa Gatuanyaga simu nikamwelezea, na nikamwambia pia kwamba hiyo nduthi ukiachilia resi inateleza tu, haikushiki. Akanyamaza kidogo. "Hiyo ni kama Yamaha yangu," akasema. "Mwambie asitegemee injini, aanze breki mapema." Mzee aliyejifunza kwa injini ya moshi wa buluu alikuwa ameelewa betri haraka kuliko sisi wote. Kumbuka tu kuna nduthi za stima zinazojivuta nyuma zikirudisha chaji kwa betri, na zingine hazijivuti, kwa hivyo hata huo ushauri unahitaji ujue uko juu ya gani.

Kuna steji moja ndani ndani Githunguri ya Ruiru ambako wazee wameweka sheria yao. Ukija na brandi tofauti na ya jana, hubebi mtu hiyo siku. Unaenda kwa uwanja na kreti tupu za soda kwa keria, unazunguka, unasimama ghafla, unapanda ile kilima na kushuka. Wanakutazama. Mwenyekiti akiridhika anakupa namba kwa foleni. Hakuna cheti wala ada, ni chai tu unanunulia wale waliokutazama. Binamu yangu amejiunga hapo sasa. Mkono wa kushoto bado haujanyooka sawasawa, na ile breki ameifungia utepe mwekundu.