Behewa la Gadi: Jina la Kijumba cha Mkiani

Modeli mpya ya kichwa cha treni ikitoka Uingereza, wapenzi wa treni za mezani huuliza kwanza kama inavuta sawasawa. Ikitoka modeli mpya ya "brake van", lile behewa fupi lililofunga mkia wa treni ya mizigo, maswali yanakuwa mengine kabisa. Vyuma vya kushikia ni vya waya, au ni michirizi tu iliyotokezwa kwenye plastiki? Ubao wa kukanyagia una unene gani? Dohani ya jiko imekaa mahali pake? Ukichungulia dirishani unaliona benchi? Breki zenyewe, zilizolipa behewa jina lake la Kiingereza, hutajwa mwishoni, tena kwa haraka. Kwa anayetafuta istilahi ya Kiswahili, mabishano hayo yana faida: yanamwonyesha behewa hili lilijengwa kwa ajili ya nani.

Hadi katikati ya karne ya 20, treni nyingi za mizigo Uingereza zilikuwa msururu wa mabehewa yaliyoungwa kwa mnyororo wa pete tatu, uliolegea, bila bomba la breki kutoka kichwani. Kila behewa lilikuwa na wenzo wa breki ubavuni, lakini wa kufungwa na mtu aliyesimama chini, treni ikiwa imetulia. Treni ikishaondoka, breki zilibaki kichwani na mkiani tu. Huko mkiani alikaa gadi, ndani ya behewa la tani 20 hivi, lililotiwa uzito kwa makusudi, mkono kwenye usukani wa breki. Mteremkoni aliufunga kidogo kidogo ili minyororo ibaki imekaza. Akizubaa, mabehewa ya nyuma huyasukuma ya mbele, na treni inapoanza tena kupanda minyororo hukazwa kwa kishindo, mmojawapo ukakatika. Ukikatika mlimani, nusu ya treni inarudi ilikotoka, na wa kuizuia ni gadi peke yake.

Kazi zake hazikuishia hapo. Taa ya mkia ilikuwa yake; mtu wa ishara asipoiona ikipita alijua kuna mabehewa yameachwa njiani. Zilikuwepo pia taa mbili za ubavuni, nyekundu kwa nyuma na nyeupe kwa mbele, ili dereva akigeuka ajue msururu wake uko kamili. Treni ikikwama, gadi alishuka na bendera na fataki za reli, akarudi nyuma kwa miguu kuizuia inayofuata.

Mkono wa mtu mmoja una kikomo. Tarehe 12 Juni 1889, karibu na Armagh, Ireland, treni ya matembezi iliyojaa watoto wa shule ya Jumapili ilishindwa mlima. Wafanyakazi wa treni wakaamua kuikata vipande viwili, kichwa kiyapeleke kwanza mabehewa ya mbele. Yale 10 ya nyuma yakaachwa yashikiliwe na breki ya mkono ya behewa la gadi, na mawe chini ya magurudumu. Sehemu ya mbele ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo tu, ikayagonga yale mengine, mawe yakapondeka, na mabehewa yakateremka hadi yakagongana na treni iliyokuwa ikifuata. Walikufa watu wapatao 80. Mwaka huohuo Bunge likatunga sheria ya kulazimisha treni za abiria ziwe na breki za mfululizo, zinazojifunga zenyewe treni ikikatika. Treni za mizigo sheria hiyo haikuzigusa, na ndiyo maana gadi wa mizigo aliendelea kukaa mkiani kwa miongo mingi baadaye. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa maana ya treni kurudi nyuma mlimani: Igandu, Dodoma, tarehe 24 Juni 2002, walikufa watu zaidi ya 280.

Sasa jina. Wa kwanza kubisha hodi ni "behewa la breki". Linaeleweka papo hapo, na kwa hati za ununuzi au orodha ya vyombo vya reli sina ugomvi nalo. Tatizo ni kwamba leo kila behewa lina breki, na msikilizaji anayejua breki za upepo atauliza hayo mengine yanasimamaje. "Breki-vani" linabeba sauti tu, na vani kwetu ni gari dogo la kusambazia mikate. "Behewa la mkia" linavutia, maana tuna kichwa cha treni na taa ya mkia, lakini mkia ni mahali. Behewa lolote likifungwa mwisho ni la mkia. Kuanzia mwaka 1968 Waingereza waliruhusu treni za mizigo zenye breki za mfululizo ziende bila kijumba hiki, gadi akapanda kichwani. Kijumba kikaondoka, mkia ukabaki, na taa ikatundikwa kwenye behewa la mwisho la mizigo.

Kwa hiyo mimi nasema "behewa la gadi". Gadi ni neno la reli tangu zamani kwetu. Mlinzi halifai, litatuletea mtu wa getini na kirungu. Na behewa, kabla ya kupanda reli, lilikuwa ukumbi wa ndani wa nyumba za Mwambao, kwa hiyo kuliambia libebe jiko, benchi na dohani si kulionea.

Rudi sasa kwenye meza ya modeli. Kipimo kinachopendwa zaidi Uingereza ni 1 kwa 76, yaani milimita 4 kwa kila futi. Futi 16 kati ya ekseli na ekseli zinakuwa milimita 64. Chuma cha kushikia chenye unene wa inchi moja kinakuwa theluthi moja tu ya milimita, na plastiki nyembamba kiasi hicho haivumilii kidole. Mtengenezaji anachagua: atie waya na bei ipande, au atokeze mchirizi ukutani na alaumiwe. Wale wanaoitwa wahesabu ribiti hawasamehe mchirizi. Wengine, hasa wenye watoto nyumbani, wanajibu kwamba behewa hushikwa kwa vidole kuwekwa relini, na vidole hushika palepale penye waya. Nawaelewa wote wawili, ila nikilazimishwa nitakaa na wahesabu ribiti. Chuma kile alikishika gadi akidandia treni iliyokwisha kuanza kutembea, usiku, na mvua. Bila chuma hicho behewa linabaki kisanduku chenye magurudumu.

Hali ni ileile kwa vidirisha vilivyotokeza ubavuni, ambavyo gadi aliviegemea kuutazama msururu wote bila kutoa kichwa nje. Ni dungu la shambani lililohamia reli, na ningeviita vidungu. Modeli ikivikosea umbo, lawama haziishi. Great Western Railway haikuviweka. Behewa lake, ambalo makarani wa simu za maandishi waliliita Toad, lilikuwa na kibaraza upande mmoja tu, na usukani wa breki ukiwa hukohuko kibarazani, kwenye baridi. Ubavuni liliandikwa jina la stesheni yake ya nyumbani, na hapo wapenzi wa modeli hukamatana mashati: kwa nini behewa la stesheni hii liburutwe kwenye reli za mkoa mwingine? Rangi nayo ina kesi yake. Chini ya British Railways, iliyoanza mwaka 1948, behewa lisilo na bomba la breki lilipakwa kijivu, lenye bomba kahawia, na modeli ya kijivu yenye bomba haipiti kimyakimya.

Pingamizi moja kwa "behewa la gadi" nalikubali. Treni za abiria nazo zilikuwa na gadi, naye alikaa kwenye sehemu ya behewa la abiria, pamoja na mizigo na vifurushi. Sehemu hiyo tuiite chumba cha gadi. Wamarekani nao walikuwa na "caboose" yao, yenye kazi inayokaribiana, ila bwana wake walimwita kondakta. Kwetu kondakta amekwisha kupewa daladala, kwa hiyo hata hilo nalo, kwa Kiswahili, liwe behewa la gadi.