Unga wa Chuma na Wino wa Jarida

Maarifa ya mwanadamu hukaa mahali pawili: katika mkono wa mtendaji na katika maandiko ya msimulizi. Yakikaa mkononi peke yake, huzikwa pamoja na mwenye mkono. Yakikaa karatasini peke yake, huwa kama mbegu iliyowekwa ghalani isipandwe. Habari ya chuma katika milima ya Upangwa, ambako Mlangali iko njiani baina ya Njombe na Ludewa, ni mfano bora wa jambo hilo.

Wapangwa walikuwa miongoni mwa mabingwa wa chuma katika nyanda za juu za kusini. Walijenga tanuru za udongo, wakachoma mkaa, wakatoa chuma katika mawe, kisha wakafua majembe na silaha. Mtu asiyeijua kazi hiyo hudhani kwamba siri yake yote ni moto. Sivyo. Moto ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni ukubwa wa chembe. Mawe yakitiwa tanuruni yakiwa makubwa mno, hewa ya mkaa huyala ganda lake tu, na kiini hubaki kibichi. Yakipondwa mpaka kuwa vumbi, hewa hukosa njia na tanuru huzibwa pumzi. Baina ya jiwe na vumbi pana kipimo cha kati, na kipimo hicho fundi alikijua kwa jicho na kiganja. Tena chuma chenyewe hakikuyeyuka: huyeyuka kwenye joto la sentigredi 1538, nalo ni gumu kulifikia katika tanuru ya udongo. Kilichoyeyuka ni takataka ya mawe, ambayo wahunzi huiita mavi ya chuma. Chuma kikabaki kama donge la kufuliwa.

Kile alichokijua fundi kwa kiganja, wataalamu wamekifanya elimu kamili, yaani elimu ya unga na chembe. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alieleza kwa hesabu jinsi chembe ndogo izamavyo katika maji: chembe yenye nusu ya upana wa mwenziwe huzama kwa robo ya mwendo wake. Kwa kanuni hiyo uzito na udogo wa chembe hupimwa hata leo. Elimu hiyo ilipokua ilitaka baraza lake. Jarida la Powder Technology lilianza mwaka 1967, na huko Japani jarida la KONA likafuata mwaka 1983. Humo hujadiliwa saruji, dawa, unga wa nafaka na mawe ya madini, maana vyote hivyo, kabla ya kuwa kitu kingine, ni chembe.

Jarida la elimu si ghala la habari tu. Tangu Henry Oldenburg alipoanza kuchapa Philosophical Transactions huko London mwaka 1665, ada imekua kwamba atoaye dai aeleze njia aliyoipita, ili mwingine aipite na kuona kama watafika mahali pamoja. Siku hizi wahakiki husoma makala kabla haijachapwa, na wasomaji huihukumu baada ya kuchapwa. Hilo ndilo baraza ambalo fundi wa Upangwa hakulipata. Yeye alihukumiwa na tanuru, na hukumu ya tanuru haikuandikwa.

Walioandika walikuwa wageni. Katika Tanganyika Notes and Records, jarida lililoanza mwaka 1936, Greig alieleza uyeyushaji wa Ufipa mwaka 1937, na Wise akaeleza kazi hiyo na miiko yake mwaka 1958. Kazi za mikono za Wapangwa zilipata kitabu cha Kijerumani cha Hans Stirnimann mwaka 1976. Na mwaka 2004 Randi Barndon alitoa uchunguzi juu ya Wapangwa na Wafipa pamoja, akionyesha kwamba dawa na miiko ya tanuru havikuwa pambo la kazi bali sehemu ya ufundi wenyewe.

Lakini kisa kilichovuma zaidi ni cha Buhaya. Peter Schmidt na Donald Avery waliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tena tanuru walizokuwa wameziacha kwa miaka mingi. Mwaka 1978 waliandika katika jarida la Science kwamba mirija ya udongo iliyoingizwa ndani ya tanuru iliipasha hewa moto kabla haijafika kwenye mkaa, na kwamba ufundi huo ulikuwako magharibi ya Ziwa Viktoria tangu miaka 1500 hadi 2000 iliyopita. Wataalamu wengine walipinga, wakahoji kama hewa hiyo ilipata joto la kutosha kuleta tofauti. Ubishi huo haukuwa aibu kwa Buhaya, ulikuwa heshima. Dai lisilobishiwa huachwa kama hadithi, na dai linalopimwa limekwisha kuingizwa katika safu ya elimu.

Hata hivyo swali moja hubaki: jina la nani huandikwa juu ya makala? Wazee walioshika mivukuto hawakuwa waandishi wake. Jibu jingine lilipatikana karibu zaidi na Mlangali. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi mwaka 1963, aliona maziwa ya moto yakiganda upesi kuliko yaliyopoa. Alichekwa. Aliendelea kuuliza hata alipokuwa katika shule ya Mkwawa huko Iringa, mkoa ambao Njombe ilikuwa sehemu yake hadi mwaka 2012. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hakucheka, alipima. Mwaka 1969 makala yao ilitoka katika Physics Education, na jina la Mpemba likatangulia.

Katika wilaya hiyo hiyo ya Ludewa uko mlima wa Liganga, wenye chuma kilichochanganyika na titani na vanadi. Mwaka 2011 mkataba wa kukichimba ulifungwa baina ya Shirika la Maendeleo la Taifa na kampuni ya Sichuan Hongda ya China. Ugumu wake ni ule ule wa kale: titani huyafanya mavi ya chuma yawe mazito, kwa hiyo mawe hupaswa kusagwa mpaka chembe za chuma ziachane na chembe nyingine, kisha sumaku izitenge. Yakisagwa kidogo, hazitengani. Yakisagwa kupita kiasi, nguvu hupotea na vumbi halishikiki. Kipimo cha kati kinatakiwa tena.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Upangwa ulikuwa na mali ya maarifa, na daftari lake likaandikwa na wengine, sehemu kubwa baada ya tanuru kuzimika. Kipimo kipya cha Liganga kitaandikwa pia katika jarida fulani. Majina yatakayotangulia katika makala hayo yataamuliwa na maabara zitakazojengwa na wanafunzi watakaoruhusiwa kuuliza.