Henry Okullu, askofu aliyeanzia kwenye gazeti

Kabla ya kuwa askofu wa Kianglikana, Henry Okullu alikuwa mhariri. Alizaliwa mwaka 1929 katika nchi ya Wajaluo, magharibi mwa Kenya, akasomea theolojia Mukono, Uganda, na baadaye Virginia, Marekani. Huko Uganda alihariri New Day, gazeti la Kanisa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaitwa Nairobi kuongoza Target, akiwa Mwafrika wa kwanza kushika kazi hiyo. Target lilikuwa la Kiingereza, na pacha wake wa Kiswahili aliitwa Lengo.

Okullu hakutaka gazeti la kuhesabu ziara za maaskofu na majengo mapya. (Sisi wachungaji tunazijua habari za namna hiyo: ndizo tunazozituma kwanza.) Kwake, mwandishi Mkristo huchukua jambo linalowauma watu juma lile lile, kama vile rushwa, ukabila au utawala, akaliweka mbele ya Neno la Mungu.

Jaribu kubwa lilikuja mwaka 1969. Tom Mboya aliuawa mwezi wa Julai, na baada yake Wakikuyu wengi walipelekwa kula kiapo kwamba utawala usitoke katika kabila lao. Wakristo waliokataa walipigwa. Mhariri alikuwa Mjaluo, kabila la Mboya mwenyewe, na hasira ya kikabila ilikuwa karibu. Lakini Target lilipinga kiapo hicho waziwazi, na wale liliosimama upande wao walikuwa Wakikuyu, waamini waliokuwa wakiteswa na watu wa nyumbani kwao.

Mwaka 1971 aliacha uhariri, akahudumu katika kanisa kuu la All Saints, Nairobi. Mwaka 1974 akawa askofu wa Maseno Kusini, na mwaka huo huo kikatoka kitabu chake Church and Politics in East Africa. Mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa waliodai vyama vingi. Alifariki mwaka 1999.

Hapa Lokandu habari hutufikia kwa mtumbwi kutoka Kindu, na ile ya kabila fulani kulishambulia jingine hufika mbele ya zote. Jumapili waamini hutuuliza kama ni kweli. Mara nyingi tumeombea amani tu, tukaendelea na ibada. Swali la kwanza la mhariri, yaani nani aliyeona kwa macho yake, hatukufundishwa katika shule ya theolojia.